Mkusanyiko gani wa Michael Jackson utakukata kiu?

Andika jina la Michael Jackson kwenye programu yoyote ya muziki, na kabla hujazifikia albamu zake utakutana na msururu wa mikusanyiko ya vibao: HIStory ya 1995, Number Ones ya 2003, The Ultimate Collection ya 2004, The Essential ya 2005, King of Pop ya 2008, This Is It ya 2009. Nyimbo zilizomo zinajirudia kwa sehemu kubwa. Billie Jean utaikuta karibu kila mahali, na Beat It vilevile. Anayetaka kuchukua mmoja tu, iwe CD ya kuweka kwenye gari au albamu ya kupakua kwenye simu, anabaki akijiuliza tofauti iko wapi.

Tofauti ipo, tena kubwa. Nitailinganisha mitatu inayoulizwa zaidi, yaani HIStory, Number Ones na The Essential, kisha nitaiweka kando ya albamu zenyewe, maana kuna msikilizaji ambaye jibu lake ni kuachana na mikusanyiko kabisa. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome kwa kubahatisha. Kwa watu wengi, The Essential ndiyo ya kuchukua. Number Ones ni ya sherehe. HIStory ni ya mtu anayetaka kumjua Michael mwenyewe, hasira na machungu yake yakiwemo. Na kati ya hiyo mitatu, hakuna hata mmoja uliomkumbuka msikilizaji wa Kiswahili. Hili la mwisho linaniuma kweli, na ndiyo maana naanza nalo.

Kibao cha nani?

Kampuni ya muziki ikikaa kupanga mkusanyiko, jambo la kwanza kutazamwa ni chati. Kwa Michael chati kubwa ni Hot 100 ya jarida la Billboard nchini Marekani. Akiimba kama msanii wa kujitegemea aliifikia nafasi ya kwanza mara 13, kuanzia Ben mwaka 1972 hadi You Are Not Alone mwaka 1995, wimbo ambao ulikuwa wa kwanza katika historia ya chati hiyo kuingia moja kwa moja kwenye namba moja. Uingereza wana chati yao, na ladha yao haikufanana na ya Wamarekani kila mara. Earth Song iliongoza Uingereza kwa wiki sita kuanzia Desemba 1995, lakini Marekani haikuuzwa kama singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake. They Don't Care About Us ilishika namba moja Ujerumani na namba nne Uingereza. Kwa Wamarekani iliishia namba 30.

Sasa njoo huku kwetu. Miaka ile ya 1980 na 1990 wimbo wa Michael ulikuwa kibao Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kwa sababu redio iliupiga, kaseti yake ilirudufiwa ikapita mikono mingi, na vijana waliucheza disko. Hakukuwa na mtu aliyehesabu singo ngapi zimeuzwa. Mapenzi ya wasikilizaji hawa yote, ya miaka na miaka, hayakuingia kwenye hesabu ya chati yoyote, na kisichoingia kwenye hesabu hiyo si rahisi kiingie kwenye mkusanyiko.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Liberian Girl.

Wimbo huo umo kwenye albamu ya Bad iliyotoka Agosti 1987. Kabla Michael hajaimba neno lake la kwanza, anasikika mwanamke akitamka maneno ya mapenzi kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemnong'oneza mtu. Ni sauti ya Letta Mbulu, mwimbaji mkubwa wa Afrika Kusini, na mpangilio wa maneno hayo ni kazi ya mumewe, Caiphus Semenya. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi na Quincy Jones, prodyuza wa Bad, kwenye muziki wa tamthilia ya Roots mwaka 1977. Liberia hawazungumzi Kiswahili, na kila Mswahili anayeusikiliza hulitambua hilo papo hapo. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba mwimbaji maarufu kuliko wote wa zama zake aliufungua wimbo wa mapenzi kwa lugha yetu, kwenye albamu iliyosikilizwa dunia nzima. Na wimbo wenyewe ni mtamu: ngoma haina haraka, vinanda vimetandazwa kama shuka, na sauti za kuitikia zimepangwa tabaka juu ya tabaka, zote za Michael.

Liberian Girl ilitoka kama singo Julai 1989, nje ya Marekani tu. Uingereza ilifika namba 13, Ireland ikashika namba moja. Marekani haikutolewa kama singo. Ukitazama orodha utaona matokeo yake: HIStory hawakuiweka, Number Ones hawakuiweka, The Essential hawakuiweka. Hapa kwenye The Essential ndipo panaposhangaza zaidi. Bad ilizaa singo tisa duniani, na The Essential imebeba nane. Iliyoachwa ni moja tu, na ndiyo hii yenye Kiswahili. Mtu anaweza kusema kwamba Leave Me Alone nayo haikuwa singo Marekani na bado imo. Ni kweli, ila video yake ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1990, kwa hiyo Wamarekani walikuwa na sababu yao ya kuikumbuka.

Simlaumu aliyepanga orodha kana kwamba alitudharau. Alifuata vipimo vya soko lake. Ninachosema ni kwamba msikilizaji wa Afrika Mashariki anaponunua mkusanyiko ulioandikwa kuwa una nyimbo bora za Michael, ajue kwamba ubora huo umepimwa mahali pengine, akaangalie kama wimbo wake wa moyoni umo kabla hajatoa pesa.

HIStory: mkusanyiko wenye albamu ndani yake

HIStory ilitoka Juni 1995 ikiwa na CD mbili. Ya kwanza ina vibao 15 vya nyuma. Ya pili ina nyimbo nyingine 15, ambazo kwa wakati huo zilikuwa mpya karibu zote. Hapo tayari imejitenga na wenzake, kwa sababu mkusanyiko wa kawaida huongeza wimbo mmoja au miwili mipya ili aliye na albamu zote naye ashawishike kununua. Huu ulikupa albamu nzima.

CD ya kwanza imegawanywa vizuri: nyimbo tatu za Off the Wall, tano za Thriller, nne za Bad na tatu za Dangerous. Haikufuata mwaka. Inaanza na Billie Jean ya Thriller, na Don't Stop 'Til You Get Enough ya 1979, ambayo kwa haki ingefungua kila kitu, inakuja nafasi ya 13. Kwa anayetaka kusikia jinsi msanii alivyokua, mpangilio huu unakera. Anayesikiliza akiwa kazini hatautambua. Pengo kubwa ni lingine: Smooth Criminal haimo, Dirty Diana haimo, na hakuna hata wimbo mmoja wa utotoni pamoja na ndugu zake wa Jackson 5.

CD ya pili ni habari tofauti kabisa. Michael alikuwa ametoka kwenye tuhuma za mwaka 1993 za kumdhulumu mtoto kingono, tuhuma alizozikana na ambazo zilimalizwa kwa malipo nje ya mahakama. Albamu imejaa mtu aliyejeruhiwa na anayejibu mapigo. Scream, aliyoimba na dada yake Janet, ni kelele za kweli za watu wawili waliochoka kuandamwa na magazeti. Stranger in Moscow aliitunga mwaka 1993 alipokuwa Moscow kwenye ziara ya Dangerous, na upweke wake unasikika katika kila ubeti. Kwangu ndiyo kazi bora kuliko zote alizofanya baada ya kuachana na Quincy Jones. They Don't Care About Us ilizua ugomvi juu ya maneno yake hadi yakabadilishwa, kisha mwongozaji filamu Spike Lee akaichukulia video Brazil mwaka 1996, Salvador na kikundi cha ngoma cha Olodum, na Rio de Janeiro katika mtaa wa Dona Marta.

Je, inamtosheleza msikilizaji? Anayetaka muziki wa kuchangamsha sebule ataichoka CD ya pili mapema. Anayetaka kuelewa kwa nini Michael wa miaka ya mwisho alikuwa vile alivyokuwa hana mahali pengine pa kupata picha hiyo kamili. Na tahadhari moja kwa wanunuzi wa CD: mwaka 2001 ile CD ya kwanza ilitolewa peke yake kwa jina la Greatest Hits: HIStory, Volume I. Ni nyimbo zilezile 15. Kama una HIStory, usiinunue.

Number Ones: jina linaahidi kuliko yaliyomo

Number Ones ina nyimbo 18 kwenye CD moja. Iliingia madukani Marekani tarehe 18 Novemba 2003, siku ileile polisi walipofanya upekuzi nyumbani kwake Neverland.

Jina lake linakuambia kila wimbo ulishika namba moja. Wapi? Nimeshasema kwamba Marekani alishika namba moja mara 13, na Ben imo katika hesabu hiyo, Say Say Say aliyoimba na Paul McCartney imo pia. Nyimbo 18 hazipatikani hapo. Thriller, wimbo wenyewe wa mazombi, ulifika namba nne Marekani na namba 10 Uingereza. Smooth Criminal ilifika namba saba na nane. Break of Dawn, ya albamu ya Invincible ya 2001, haikuwahi hata kutolewa kama singo. Mpya ni mmoja tu, One More Chance, na si wimbo ambao mtu angeununua peke yake. Ingekuwa haki zaidi kama wangeuita jina lisilodai chochote, kwa sababu walipoamua kulegeza sharti walilegeza kwa nyimbo walizotaka wao. Wanna Be Startin' Somethin' imeachwa nje. Remember the Time nje. Heal the World nje.

Wanna Be Startin' Somethin' naitaja kwa makusudi. Kile kiitikio cha mwishoni, ambacho kila mtu anakiimba hata kama haijui beti hata moja, kimetokana na Soul Makossa ya Manu Dibango wa Kamerun ya mwaka 1972. Dibango alidai haki yake na suala likamalizwa kwa makubaliano ya malipo. Ni wimbo uliobeba Afrika ndani yake waziwazi, na kwenye sherehe zetu hakuna unaonyanyua watu vitini haraka kuliko huo. HIStory inao. The Essential inao. Mkusanyiko unaojitangaza kuwa wa kilele cha Michael hauna.

Remember the Time nayo ina yake kwetu. Malkia kwenye video ile ni Iman, Msomali aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi pale mpiga picha Peter Beard alipomwona mwaka 1975. Albamu iliyoubeba, Dangerous, ilikuwa na miezi michache tu tangu itoke Michael alipofika Dar es Salaam Februari 1992 na kupokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Kwa waliokuwa vijana wakati ule, huwezi kuwaambia kwamba Remember the Time haikufika kileleni.

Jambo jingine la kuangalia kwenye Number Ones ni urefu. Nyimbo kadhaa zimewekwa katika toleo fupi la redio. Don't Stop 'Til You Get Enough kwenye Off the Wall inazidi dakika sita, Thriller kwenye albamu yake inakaribia sita, Earth Song kwenye HIStory inakaribia saba. Ukiona kwenye orodha yoyote ya Michael kwamba nyimbo hizi zimepungua dakika nzima au zaidi, jua zimekatwa. Kwa Earth Song kukatwa ni hasara kubwa, maana nguvu yote ya wimbo ule iko mwishoni, pale kwaya na Michael wanapojibizana na sauti inazidi kupanda.

Pamoja na hayo siidharau. Kwa sherehe ya harusi, kwa safari, kwa mtoto wa miaka kumi anayeuliza Michael alikuwa nani, Number Ones haina wimbo usiojulikana wa kumpotezea mtu hamu hadi unapofika mwishoni kabisa. Na umma ulishatoa hukumu yake. Michael alipofariki tarehe 25 Juni 2009, watu hawakukimbilia Thriller kwanza. Uingereza ni Number Ones iliyopanda hadi namba moja ndani ya siku chache, kisha The Essential ikachukua nafasi yake. Marekani Number Ones iliuza kuliko albamu mpya zilizokuwa sokoni. Watu waliofiwa walitaka nyimbo zote wanazozikumbuka kwa pamoja, na mkusanyiko uliwapa hizo.

The Essential, kwa hesabu

The Essential ilitoka Julai 2005, wiki chache baada ya mahakama ya California kumwachia huru Michael katika mashtaka yote yaliyomkabili. Toleo la kwanza lina nyimbo 38 kwenye CD mbili, zaidi ya saa mbili na nusu za muziki, na zimepangwa karibu zote kwa kufuata miaka. Inaanza na I Want You Back ya 1969, sauti ya mtoto wa miaka 11 anayeimba kama mtu mzima aliyeumizwa, na inaishia na You Rock My World ya 2001. Ni hii pekee kati ya mitatu inayokupa Jackson 5, kisha The Jacksons na Blame It on the Boogie, kisha Michael wa peke yake. Unasikia sauti ikibadilika, unasikia mtu akikua. Mpangilio huo una thamani kuliko wimbo wowote mmoja.

Ukiilinganisha na albamu zenyewe, hivi ndivyo inavyosimama. Thriller ina nyimbo tisa, na saba zilikuwa singo. Zote saba zimo kwenye The Essential. Unachokosa ni Baby Be Mine na The Lady in My Life, zote za mtunzi Rod Temperton. Mtu mwenye The Essential basi ana Thriller kasoro mbili, na hapo hana sababu kubwa ya kununua zote mbili, isipokuwa kama ni mpenzi wa nyimbo za taratibu, kwa sababu The Lady in My Life ndiyo Michael alipoimba mapenzi ya mtu mzima bila kuigiza. Bad ina nyimbo 11 kwenye CD, na nane zimo. Dangerous ina 14, na saba zimo, ingawa Jam haimo na hilo sikubaliani nalo. Off the Wall ina kumi, na zimo nne tu.

Kwenye HIStory hesabu inaporomoka. Kati ya nyimbo 15 za ile CD ya pili, The Essential imechukua moja: You Are Not Alone. Hakuna Scream, hakuna Stranger in Moscow, hakuna They Don't Care About Us, hakuna Earth Song. Kwa Mmarekani inaeleweka. Kwa mtu wa Ulaya au wa huku, ambaye Earth Song kwake ni moja ya nyimbo tatu za kwanza anazozitaja, ni tundu kubwa.

Bado naichagua. Kasoro zake zinazibika kwa nyimbo chache, na nitazitaja. Kasoro za Number Ones haziwezi kuzibwa bila kuijenga upya.

Hiyo mingine niliyoitaja mwanzoni naipitia haraka. The Ultimate Collection ni sanduku la CD nne na DVD ya onyesho la Bucharest la 1992, lenye nyimbo za majaribio ambazo hazikuwahi kutoka. Ni la shabiki aliyekwisha kuwa na kila kitu. King of Pop ilitolewa Michael alipotimiza miaka 50, mashabiki wa nchi mbalimbali wakapiga kura, kwa hiyo orodha ya nchi moja haifanani na ya nyingine: soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa. This Is It inafuata mpangilio wa mazoezi ya maonyesho ambayo hakuyafikia, na aliyeiona filamu ya jina hilohilo ndiye atakayeipenda.

Pale ambapo albamu inaushinda mkusanyiko

Off the Wall ya 1979 ndiyo albamu inayoonewa zaidi na mikusanyiko. Singo zake zimebebwa kila mahali, ila moyo wake umebaki ndani. Working Day and Night haina mapumziko. Michael anatumia pumzi zake mwenyewe kama ala ya kupiga. I Can't Help It ilitungwa na Stevie Wonder na Susaye Greene, na mwendo wake unayumba kwa upole hadi unahisi chumba kimepoa. Hiyo haikuwahi kuwa kibao na haitakuwa, kwa sababu haina sehemu ya kuimba kwa kelele. Lakini ikifuata baada ya She's Out of My Life, ambako Michael anamalizia akiwa anakaribia kulia, inafanya kazi ambayo wimbo wa chati hauwezi kuifanya: inakutuliza. Ukiing'oa She's Out of My Life hapo na kuibandika kati ya vibao viwili vya kucheza, kama mikusanyiko inavyofanya, huzuni yake inabaki haina pa kupumzikia.

Mkusanyiko wa vibao kwa asili yake hauna nyimbo za aina hiyo. Kila wimbo umeletwa kwa sababu uliwahi kushinda, na nyimbo 38 za ushindi mfululizo huchosha masikio. Ndiyo maana watu wengi huipiga The Essential nusu tu kisha wakabadilisha. Off the Wall ni dakika 41 hivi, na mtu huimaliza akairudia.

Kwa hiyo kama wewe ni msikilizaji wa kukaa na kusikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, ruka mikusanyiko. Chukua Off the Wall kwanza. Ya pili chukua Bad badala ya Thriller, na najua wengi watapinga. Thriller ina Billie Jean, ambayo ngoma zake zilipigwa na Leon Chancler, mtu aliyejulikana kwa jina la Kiswahili la Ndugu, na sidhani kama kuna biti iliyotulia kuliko ile. Ila Thriller karibu yote utaisikia bila kuitafuta, kwenye redio, kwenye basi, kwa jirani. Bad ina Liberian Girl, na Liberian Girl usipoitafuta mwenyewe haiji.

Pesa, bando na kilichomo kwenye simu

Kwa anayesikiliza kwa simu, ukubwa wa mkusanyiko una gharama. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja ya muziki hula karibu MB 72 za bando. The Essential yote itakula MB 180 na zaidi kidogo, wakati Off the Wall haizidi MB 50. Ukitumia programu inayoruhusu kupakua, pakua mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi, na usiuache mkusanyiko wote ujirudie mtandaoni kila siku kwa sababu ya nyimbo sita unazozipenda.

Anayenunua CD za mitumba aangalie vitu viwili: urefu wa nyimbo uliochapishwa nyuma, na jina la kampuni, ambalo kwa Michael wa baada ya 1975 ni Epic au Sony. Zile CD za kunakiliwa zenye picha yake na maandishi ya Best of zinauzwa bei rahisi, lakini sauti yake imebanwa hadi besi ya Billie Jean inasikika kama debe. Kwa bei hiyo, heri mix ya DJ mzuri. DJ wetu anajua kwamba Liberian Girl inatakiwa iwemo, na anajua saa ya kuiweka, watu wakishacheza vya kutosha na wanatafutana kwa macho.

Kuna wasikilizaji waliomwacha Michael kabisa kwa sababu ya tuhuma zilizomwandama hata baada ya kifo. Hao siwashawishi warudi. Ni jambo la dhamiri ya mtu.

Kwa waliobaki, hivi ndivyo ningefanya. Chukua The Essential kama msingi. Itengenezee orodha yako mwenyewe kwenye simu na uongeze nyimbo hizi: I Can't Help It iwe mara tu baada ya She's Out of My Life, The Lady in My Life baada ya Thriller, Jam kabla ya Black or White, kisha Stranger in Moscow, They Don't Care About Us na Earth Song kwa mfuatano huo, zote za HIStory, za urefu kamili. Liberian Girl iweke baada ya The Way You Make Me Feel. Kwenye Bad kati yao kuna Speed Demon, na hiyo unaweza kuiacha.

Kama unampa zawadi mzazi au shangazi ambaye hatumii programu za simu, mnunulie CD mbili, The Essential na Bad. Usimpe Number Ones, hata kama duka linayo hiyo tu. Subiri au agiza. Kijana anayeanza kucheza dansi, mpe Number Ones leo hii, na akishaizoea mpe Off the Wall bila kumwambia ni ya mwaka gani.